Sifuri ya Asubuhi

Jumatano, 5 Machi

Kliniki imetugawia madaftari. Ya kijani, membamba, kila ukurasa umepigwa mstari katikati ukawa na safu mbili. Safu ya kwanza: maumivu ya leo, kuanzia sifuri hadi kumi. Safu ya pili: jambo moja zuri unalolitarajia kesho. Nina miaka sabini na miwili, nimekula chumvi ya kutosha, na leo nimerudishwa darasa la pili.

Tulikuwa wanane kwenye viti vya plastiki, wote wa nyonga na magoti. Muuguzi wetu ana meno mazuri na anajua kwamba ni mazuri. Anatuita babu na bibi hata kabla hajasoma majina yetu. Alisema sifuri ni kutosikia chochote, kumi ni maumivu yasiyovumilika. Kisha akaanza kueleza madaftari haya yatafanya kazi gani mvua zikiisha, na hapo ndipo nilipompoteza, kwa sababu nilikuwa nimeiona mizani yao.

Ilikuwa kando ya mlango, ile ya kusimama juu yake. Kuna mtu ametandika mkeka wa mpira juu ya sahani yake bila kuirudisha sifuri. Mshale ulikuwa unasoma kilo moja na robo na hakuna mtu aliyesimama. Yaani kila mgonjwa aliyepimwa pale amezawadiwa kilo moja na robo. Nimetengeneza na kukagua mizani miaka thelathini na minane, siwezi kukaa mbele ya kitu kama kile nikasikiliza hotuba. Nilinyoosha mkono nikamwambia. Akacheka, "Babu jamani, kilo moja tu!" Nikainuka na fimbo yangu, nikazungusha skrubu ya pembeni mpaka mshale ukalala kwenye sifuri. Mzee mmoja, mwokaji mikate mstaafu, akanipigia makofi. Nilipokaa tena, Muuguzi alikuwa amemaliza kueleza.

Haya mengine nayaandika humu, kwenye kitabu cha ukaguzi nilichobaki nacho kutoka kazini, kwa sababu daftari lao halina nafasi ya maneno ya mtu mzima.

Nimefikiria namna ya kujipima. Fundi hapimi kitu kabla ya kuweka sifuri. Sahani ya mizani ina uzito wake, lakini haihesabiwi, maana iko pale siku zote na haiuzwi. Na maumivu ninayoamka nayo yako pale siku zote, huu ni mwaka wa sita. Hayo ni sahani. Basi kila asubuhi nitaweka sifuri pale pale nilipoamkia, na jioni nitaandika kilichoongezeka. Hicho ndicho kipimo safi, si kubahatisha.

Leo: mbili. Safu ya pili nimeiacha wazi.

Alhamisi, 6 Machi

Mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Moja. Joto. Wanasema mvua inakuja.

Jumapili, 9 Machi

Jumapili ni siku ya kucha. Ninakaa kwenye kigoda, mguu kwenye beseni, na binti yangu wa mwisho anapiga magoti na mkasi, kwa sababu vidole vyangu vya miguu sijavifikia tangu mwaka juzi. Ni mwalimu wa hesabu. Alirudi nyumbani mama yake alipofariki, akasema ni kwa muda tu. Muda huo sasa una miaka minne.

Leo aliliona daftari mezani.

"Baba! Mbili, mbili, moja, moja?"

"Ndivyo mizani inavyosoma."

"Na mimi nilidhani unateseka kimyakimya."

"Kuteseka ni neno kubwa, mama."

Namwita mama kwa kuwa amebeba jina la mama yangu. Akarudi kwenye kucha huku anaimba. Sijamsikia akiimba tangu msiba. Habari ya sahani sikumweleza. Ni mambo ya kiufundi, na nilikuwa nausikiliza wimbo.

Jumatano, 12 Machi

Muuguzi alitusomea karatasi. Eti wazee wanaotarajia mema huumwa kidogo kuliko wanaotarajia mabaya. Alipomaliza akajigusa kifuani, "Kwa hiyo dawa nyingine mnayo wenyewe, iko hapa."

Nikamwambia, "Binti yangu, umeishika karatasi kichwa chini. Mwenye mguu mzima ndiye anayetarajia mema. Nipe nyonga nzima uone nitakavyotabasamu bila kusomewa."

"Babu leo kaamka vibaya."

"Mwacheni huyo," akasema yule Mwokaji. "Ndiye aliyeifungia mizani ya kiwanda chetu mwaka ule. Gramu kumi na tano tu kwa mkate, jamani! Hajacheka tangu siku hiyo."

"Zilikuwa ishirini," nikasema.

Wakaangua kicheko wote. Lakini zilikuwa ishirini.

Kisha Mwokaji akatusomea daftari lake bila kuombwa. Nane, nane, tisa, nane. Na upande wa pili: kesho nitavaa soksi mwenyewe. Kesho nitafika dukani na kurudi. Kesho nitamzidi mke wangu kufika mlangoni. Nilimtazama vizuri. Mtu wa nane hacheki na watu namna ile. Zamani alipunguza mkate, sasa anazidisha maumivu. Wengine hawabadiliki.

Jumatatu, 17 Machi

Moja.

Jumanne, 18 Machi

Moja. Safu ya pili bado wazi. Muuguzi ameniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: "Jaribu, babu!"

Jumamosi, 22 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Nilijua kabla ya bati kujua.

Nitaandika mara moja tu jinsi ninavyoamka, halafu nisirudie. Kwanza nalala chali na kutazama dari, najidanganya kwamba leo labda. Halafu nashika mguu wa kushoto kwa mikono miwili kama mzigo wa mtu mwingine na kuuvuta hadi ukingoni. Hapo kitu kinasagika ndani ya nyonga, kama kitasa kilichoingia mchanga, na jasho linanitoka hata kukiwa na baridi. Nangoja. Nasimama, nashika kabati. Nangoja tena. Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na nne. Leo zimenichukua dakika ishirini, na kwenye hatua ya tisa nimeegemeza paji la uso ukutani na kuliita jina la marehemu mke wangu. Binti alikuwa anachemsha chai. Ameniuliza umeamkaje nikasema salama.

Hapo ndipo nilipoweka sifuri.

Jioni: tatu. Nimeona aibu kuandika tatu, lakini kipimo ni kipimo. Safu ya pili nimeandika: mvua itakatika. Ili aache kuniandikia kwa nyekundu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua itakatika imenipatia nyota. Ya karatasi, ya kubandika.

Nilifika kliniki mapema. Kwenye benchi la ukumbini nilimkuta Mwokaji peke yake, hakuniona. Kiatu kilikuwa kimemtoka mguuni kwenye tope la getini na alikuwa anajaribu kukivaa. Alikishikilia kwa mpini wa mwavuli, akauelekeza mguu, akakosa. Akaumia hata akaing'ata kola ya shati lake. Akapumzika. Akajaribu tena. Shingo yote ilikuwa imelowa na haikuwa mvua. Mara ya tatu kiatu kikaingia, na alipoinua kichwa akanikuta namtazama.

"Bwana Mizani! Umeona? Mara ya tatu tu. Jana nilikwenda hadi ya tano."

"Na unacheka nini?"

"Sasa nikinuna, wewe utanivalisha?"

Nisingeweza. Tungekuwa wawili sakafuni. Nilikaa kando yake tukaungojea mlango ufunguliwe. Nane yake ni nane. Nimemsingizia mtu, na sasa sijui nimchukie kwa lipi.

Jumanne, 1 Aprili

Mbili. Mvua.

Alhamisi, 3 Aprili

Moja. Mvua. Ukuta wa chumbani umeanza kuota ukungu.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya kucha binti hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, taulo mkononi, akasema, "Baba, kuna barua."

Wamempa ukuu wa shule. Shule yenye majengo mapya, walimu ishirini na wawili, nyumba ya mwalimu mkuu ina bustani. Ni safari ya basi ya siku mbili kutoka hapa. Anatakiwa kujibu kabla Aprili haijaisha.

"Hii ni mara ya tatu kuniandikia," akasema. "Mara mbili nilikataa. Sikukwambia."

Nilimuuliza kwa nini, swali la kijinga, huku mguu wangu ukiwa mapajani mwake.

"Safari hii pia nilikuwa nakataa. Ila nimelisoma daftari lako lote. Mwezi mzima hujapita tatu, Baba. Unaendelea vizuri kweli au unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

Mtu anayesoma kitabu hiki angesema hapo ndipo ningefungua mdomo. Lakini nilikuwa na hesabu yangu. Kila mwaka mvua zikiisha huja daktari bingwa wa mifupa na nyonga za chuma. Mwaka huu ana nafasi tatu. Mwaka jana zilikuwa mbili, mimi nilikuwa wa tatu kwenye orodha, na walioko mbele yangu walishafanyiwa. Sikuiandika habari hii kwenye lile daftari la kijani kwa sababu sikutaka kubandikiwa nyota juu yake. Nitaiandika hapa. Natarajia kushuka basi mbele ya shule ya binti yangu na kutembea kutoka getini hadi ofisini kwake bila fimbo, watoto wakisimama kumwamkia baba wa mwalimu mkuu. Nimeshaichagua hata suruali.

"Naendelea vizuri," nikamwambia. "Nenda, mama. Mara ya nne hawatakuuliza."

Alilia kwenye lile taulo. Nami nilikuwa na furaha, naapa. Jioni nimeandika moja.

Jumatatu, 14 Aprili

Moja. Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Moja. Mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Mbili. Barabara imejaa maji, kliniki haikufunguliwa. Asubuhi ilikuwa mbaya sana, lakini hiyo ni sahani.

Jumamosi, 19 Aprili

Binti amenunua sanduku. Liko sebuleni, kila mtu analizunguka.

Jumatano, 23 Aprili

Madaftari yamekusanywa. Muuguzi alifungua langu, akalipitia haraka kwa kidole, akanipa mkono. "Hongera, babu! Ningekuwa na wagonjwa kumi kama wewe ningestarehe." Nimerudi nyumbani nikiwa sielewi nimepongezwa kwa lipi.

Jumatano, 30 Aprili

Nimerudi saa tano asubuhi na sasa ni saa kumi. Binti hajatoka shuleni. Nitaandika yote kwa mpangilio, kama ripoti ya ukaguzi, maana nisipofanya hivyo nitavunja kitu.

Muuguzi alisimama na karatasi, akasoma watu watatu wa bingwa. Wa kwanza, mshonaji, yule bibi anayekaa dirishani. Wa pili, dereva mstaafu. Wa tatu, Mwokaji. Mwokaji alijifunika uso kwa kofia. Mimi niliendelea kungoja, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake akidhani basi litarudi.

Nikamfuata ofisini. Nilimwambia kuna kosa, mwaka jana nilikuwa wa tatu.

"Orodha ya mwaka jana ilifutwa, babu. Bingwa alitazama picha zenu wote wanane akasema nyonga na magoti yenu yamekwisha sawasawa. Akasema basi chagueni kwa madaftari, wanaoumia zaidi ndio waanze. Niliwaeleza siku ya kwanza kabisa."

"Siku ya kwanza nilikuwa naitazama mizani yenu."

"Na wewe umekaa kwenye moja na mbili msimu mzima. Nisingeweza kukupa kisu wewe nikamwacha mtu wa nane."

Nilimweleza sahani. Nilimweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wenye maduka: sifuri ya asubuhi, kilichoongezeka jioni, kwa nini ni kipimo safi. Nilivyokuwa naendelea, meno yake yalikuwa yanapotea moja moja.

"Kwa hiyo asubuhi huwa ngapi?" akauliza.

Miaka sita, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Ilibidi nifikiri.

"Saba. Siku za mvua, nane."

"Na juu yake unaongeza mbili."

"Ndiyo."

Hakusema kumi. Alishika simu akapiga mahali, akasikiliza, akapiga pengine. Damu za wale watatu zimeshapimwa, vyuma vimeshaagizwa kwa vipimo vyao. Bingwa yuko njiani. Akaweka simu chini akasema, "Mwakani, babu. Nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe uwe wa kwanza." Machozi yalimlengalenga na nikamchukia kwa hayo, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Faili langu lilikuwa wazi mbele yake. Nimezoea kusoma vitabu vya watu nikiwa upande wa pili wa meza. Alikuwa ameandika: "Maumivu kidogo. Matumaini hakuna. Nyonga si tatizo. Tatizo ni mtazamo. Apelekwe kikundi cha ushauri."

Nilicheka. Mbele yake, kwa sauti, hadi mtu akachungulia mlangoni.

Sasa ukaguzi. Miaka thelathini na minane nimefungia mizani za watu kwa gramu kumi, kwa gramu ishirini. Nimemfedhehesha mwokaji mbele ya wafanyakazi wake. Na yangu mwenyewe niliiweka sifuri huku mzigo ukiwa juu. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemrudisha kwao siku hiyo hiyo. Yale hayakuwa sahani. Yale ndiyo yaliyokuwa yanapimwa, na mimi kila asubuhi niliyafuta kwa mkono wangu, nikajiona fundi.

Na binti amejibu barua juzi.

Alhamisi, 1 Mei

Sikupima.

Jumamosi, 3 Mei

Mwokaji amekuja. Kutoka kwake hadi hapa ni dakika kumi za mtu mzima. Yeye alitumia saa nzima, fimbo mbili, tope hadi kwenye goti. Alikaa jikoni hadi pumzi zikarudi.

"Nimesikia ulichofanya na sahani," akasema. "Bwana Mizani, wewe ni mjinga wa kiwango cha juu."

"Najua."

"Nimekuja kukwambia kitu. Ningekuwa mtu mwema ningekupa nafasi yangu. Nimelala siku mbili nikijaribu kuwa mwema. Nimeshindwa. Naitaka hii nyonga."

Ndilo jambo la heshima kuliko yote niliyoambiwa msimu huu, na nilimwambia hivyo. Nilimuuliza lile swali la siku zote: anaumwa nane, hayo matumaini anayatoa wapi?

Akakuna kidevu. "Sikuzaliwa nayo, usidhani. Nikiamka nasema leo soksi. Si mguu, mguu ni mkubwa, utaniua. Soksi. Nikishindwa, nasema kesho. Mke wangu ananiita mwehu." Akanywa chai. "Wewe je? Hukutarajia kitu?"

Nikamwambia nilitarajia kutembea kutoka getini hadi ofisini. Alitaka kuuliza geti gani, akanitazama, akaacha.

Kabla ya kuondoka alisema, "Mwambie binti yako. Hatakwenda."

"Ndiyo maana sitamwambia."

Jumatano, 7 Mei

Kikundi cha ushauri. Mshauri alituambia tufumbe macho tujione tuko mahali pazuri. Mimi nilijiona chooni, nimeshafika.

Jumamosi, 10 Mei

Ameondoka saa nne asubuhi.

Mvua ilikuwa imekatika, jua jembamba. Teksi ilisimama getini, dereva akabeba sanduku. Binti alikuwa amevaa viatu vipya vinavyombana, akazunguka jikoni akinionyesha kwa mara ya tatu dawa ziko wapi na mwanamke wa kufua atakuja siku gani. Halafu akasimama.

"Bingwa alisemaje, Baba? Hukuniambia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo siku kumi.

"Wameandika kwamba nyonga si tatizo, mwaka huu hakuna kisu."

Kila neno linaweza kutetewa mbele ya hakimu. Alinikumbatia, nikahesabu hadi nne ili nisimwegemee. Kisha akafanya jambo ambalo ni mwalimu wa hesabu tu angelifanya, mtu asiyekubali jibu mpaka aone njia. Akarudi nyuma hadi getini, akasema, "Tembea nikuone."

Niliiacha fimbo mlangoni. Kutoka mlangoni hadi getini ni hatua kumi na tisa. Sitaeleza hatua moja moja. Niliuma shavu kwa ndani, nikafikiria soksi. Hatua hii tu, soksi. Ya kumi na mbili nilidhani nimekwisha. Nilifika. Nilitabasamu kiasi kwamba Muuguzi angenipa nyota tatu.

"Mzee barobaro!" akasema, akacheka, akaingia kwenye teksi. Alinipungia mkono hadi kwenye kona.

Nilibaki nimeshika geti. Sikuweza kurudi. Fimbo nilikuwa naiona pale mlangoni, mbali kama mji mwingine. Na hapo, nitaandika kwa sababu ni kweli, nilimkasirikia. Mwalimu mzima wa hesabu, ameishi nami miaka minne, amenikata kucha, amenisikia usiku na mchana, na ameamini karatasi. Nilimkasirikia kwa nguvu hata nikamtukana kwa sauti, mwanangu mwenyewe, barabarani. Baadaye hasira ikaisha nikabaki na geti. Mwanamke wa kufua alinikuta saa saba nimekaa kwenye jiwe la getini. Akaniletea fimbo.

Jumatatu, 12 Mei

Leo wanampasua Mwokaji.

Jumatano, 21 Mei

Mvua imekatika kabisa. Kliniki wamefungua madirisha yote.

Mwokaji alikuwa anatembea ukumbini na kile kifaa cha chuma cha kusukuma mbele, mke wake nyuma amemshika mkanda wa suruali. Amekonda. Akanionyesha miguu: soksi mbili, amevaa mwenyewe. Nilimuuliza namba. Mbili, akasema, mbili ya kweli, na sahani yake. Nikamuuliza safu ya pili leo kaandika nini.

Akasimama, raha ikamwisha usoni.

"Unajua sijaandika kitu? Nilikaa na kalamu asubuhi nzima. Nilizoea soksi."

Aliniangalia kama mtu aliyepoteza miwani. Baadaye mke wake akamsukuma kidogo wakaendelea.

Muuguzi amenipa daftari jipya, kwa ajili ya orodha ya mwakani. Alilishika kidogo kabla hajaliachia. "Kila kitu, babu. Na sahani." Mizani ya mlangoni ilikuwa inasoma sifuri. Ameandika kwenye kikaratasi juu yake: rudisha mshale kabla ya kupima.

Jumapili, 25 Mei

Leo ingekuwa siku ya kucha. Ya kidole kikubwa imetoboa soksi.

Binti alipiga simu saa kumi jioni. Shule ni kubwa kuliko alivyodhani. Walimu wawili hawamsikilizi, mmoja ana umri wa kumzaa. Jana amepanda miche kwenye ile bustani. Wanafunzi husimama anapopita, na hajazoea, anageuka nyuma kuona ni nani anayekuja. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mahali nilipokuwa tangu asubuhi, kwa sababu leo hatua ya tisa ilinirudisha.

Halafu akauliza, kwa sauti ile ya kuuliza jibu analolijua, "Leo ngapi, Baba?"

Miaka thelathini na minane. Nimeletewa vitu ili nisiangalie mshale. Nimetishwa. Mwenye duka mmoja alinililia miguuni. Sijawahi kupiga muhuri kwenye mizani ninayojua inadanganya, hata moja. Nilipostaafu nilisimama mbele ya watu nikalisema hilo, na mke wangu alikuwa hai, akapiga kigelegele.

"Mbili," nikasema.

"Safi! Na mvua huko?"

"Imekatika, mama."

Tulipoagana nikalivuta lile daftari jipya la kijani. Safu ya kwanza nimeandika tisa, pamoja na sahani. Safu ya pili sikuiacha wazi. Nimeandika: Jumapili atapiga tena.